Kioo cha Mbele

Mtaa mzima ulimwita Katibu, ingawa kamati ya wafanyakazi ilivunjwa zamani na kiwanda chenyewe kimegeuzwa maghala. Mwenye kovu usidhani kapoa. Angeweza kukutajia kila aliyesimama nje siku za mgomo, na kila aliyeinamisha kichwa akapita getini kwenda kuomba kazi yake. Wa kwanza kuinamisha alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe.

Darubini ndizo zilizowapatanisha, kama kule ni kupatana. Katibu alikuwa nazo kadhaa, zote za lenzi. Zile za vioo vya kujitazamia aliziita masufuria. Miguu na vichwa vya kuzigeuzia alivichonga mwenyewe kwa chuma. Shemeji alikusanya lenzi za jicho, zile ndogo za kuchomeka nyuma ya bomba, akazivika soksi moja moja kama mayai. Mmoja ana bomba, mwingine ana jicho, basi ikabidi wakae pamoja uani jioni, sayari ya Zohali ikipita mbele yao na pete yake, wakiongea kila kitu isipokuwa geti.

Kisha shemeji akaazima ile kubwa, bomba la shaba lililotoka kwenye maabara ya shule iliyofungwa, ili akawaonyeshe majirani zake mwezi. Ikarudi imefutwa vumbi, inang'aa. Hapo ndipo Katibu aliposhtuka. Nani hurudisha cha kuazima kikiwa kisafi kuliko alivyokichukua, kama hana la kuficha?

Akaiweka chumbani, chini ya bati lililochomwa na jua tangu asubuhi. Giza lilipoanza kuingia tu, akaitoa mbio, akaielekeza Zohali. Pete hakuna. Palikuwa na kitu cha njano kinatokota kama uji. Akabadilisha lenzi ya jicho, akatia ya pili kati ya zile mbili hafifu alizokuwa nazo. Uji ule ule.

"Kabadilisha kioo," akamwambia mkewe. "Changu kakiuza, kaniwekea kitako cha chupa."

Mkewe, aliyekuwa akianua nguo, akamuuliza kama aliiacha ipoe kwanza. Swali la haki. Katibu mwenyewe ndiye aliyewahubiria watu kwamba bomba lenye joto halioni, liachwe nje mpaka lilingane na hewa. Lakini yeye alisikia jambo moja tu: dada anamtetea kaka. Damu nzito kuliko maji, akajisemea; na mgomo nao ulivunjwa hivyo hivyo, kwa undugu.

Mzee wa maabara aliyemuuzia alikuwa amemwambia mambo mawili. Kwamba kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobebana, na ubavuni mwake pamekwaruzwa alama ya V. Na kwamba asikifungue kamwe. Asubuhi yake Katibu alikumbuka lile la kwanza. Akafungua pete ya shaba, akavitoa vioo juu ya taulo. V ilikuwepo, imepita vyote viwili. Kioo ni chake. Ila vipande vya jaribosi, ile karatasi ya bati, vilivyovitenganisha, vyembamba kama ganda la kitunguu, vilikuwa vimekauka kwa uzee. Vikamegekea vidoleni mwake. Akakata vingine kwa kukadiria tu kutoka pakiti ya majani ya chai, vikawa vinene kidogo, akarudishia, akafunga.

Jioni shemeji akaja na soksi zake. Kama mgeni, akapewa zamu ya kwanza. Akatazama, akajifuta jicho, akatazama tena. Zohali ilikuwa imeota mkia kama kiluwiluwi.

"Lazima niliigonga njiani, shemeji. Nisamehe."

Katibu, aliyewahi kuzima mashine za kiwanda kizima kwa mdomo wake, akanyamaza. Na kunyamaza kule kukawa kutamu.

"Usimwombe msamaha, kaka," mkewe akasema kutoka mlangoni. "Hukuigonga. Kaifungua mwenyewe leo asubuhi. Anakutafuta wewe mule ndani."

Shemeji akageuka taratibu. "Ulinidhania nini?"

"Kwamba umekiuza kioo."

"Ukakikuta?"

"Kipo."

"Na bado unaniangalia hivyo hivyo."

"Ulipita getini," Katibu akasema.

"Nilipita. Na hata ningekurudishia vioo kumi badala ya kimoja, ungehesabu ukaona kimoja kimepungua."

Hakupandisha sauti. Akachomoa lenzi yake kwenye bomba, akaivika soksi, akafunga kisanduku. Alipofika mlangoni akamshika dada yake bega, akamwambia atakuja kumwona siku yoyote, ila mchana.