Mwenyeji wa Lisbon

Miaka ile, mtu wetu yeyote wa Dallas aliyekuwa na safari ya Ulaya alipelekwa kwanza kwa Ngwali, kama mgonjwa anavyopelekwa kwanza kupimwa presha. Ngwali alikuwa mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, akiendesha basi dogo la abiria wa uwanja wa ndege, akikaa Irving, pembeni mwa Dallas, na mkewe Mwatime. Juu ya hayo alikuwa mwenyeji wa Lisbon. Uenyeji huo aliupata kwa njia ya mkato. Alipokuwa akija Marekani alikosa ndege ya kuunganisha, akalazwa hotelini huko mpaka ikapatikana nyingine. Wapo watu wanaokaa nchi za watu miaka ishirini wakarudi hawajui lolote. Ngwali alichungulia dirisha la teksi, akaimaliza nchi nzima.

Hakusema Lisbon kama mimi na wewe. Alisema "Lishboa", midomo ameibinua, na watu wazima wenye digrii zao wakaitikia kwa vichwa.

Wala si kwamba hakujua kitu kabisa. Abiria aliowabeba walimpa hili na lile, naye alikuwa na kumbukumbu nzuri. Alikuonya kwamba mji ni wa vilima na mawe ya njiani yanateleza kama bamia, kwa hiyo viatu vya kisigino uviache Texas. Alikuonya kuhusu wezi wa mifukoni kwenye tramu ya manjano. Alikuonya kwamba hotelini utawekewa mkate na zeituni ambazo hukuagiza, na ukizigusa tu umezinunua. Hapo alikuwa sawa. Balaa lilianzia kwenye lugha.

"Kireno tunacho," alikuwa akisema. "Mreno alipoondoka Mombasa alisahau maneno yake nyumbani kwetu. Meza ni yake, bendera ni yake, leso ni yake. Ukikwama, wewe sema Kiswahili polepole, atakuelewa."

Jamaa mmoja aitwaye Mwenda, wa Fort Worth, aliufuata ushauri huo, akaingia dukani Lisbon akaomba leso, yaani kanga, ya kumpelekea mkewe. Akauziwa kitambaa cha kupengea kamasi. Aliporudi kulalamika, Ngwali alimtazama kwa huruma, akamwambia kosa ni lake, kwa nini hakusema anataka doti. Watu wakacheka, kisha wakaendelea kumwuliza maswali. Binadamu hujifunza taratibu sana akiwa amepikiwa biriani.

Na biriani ya Mwatime ndiyo iliyomleta Immaculate Kerubo Jumapili moja, akiendesha kutoka Lewisville baada ya ibada. Immaculate alikuwa muuguzi, mjane, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lake. Kazini alibishana na madaktari, nao wakarudi nyuma. Alichokiogopa duniani ni kimoja tu, midomo ya watu. Kwa ajili ya midomo hiyo alimsomesha mwanawe wa pekee, Moraa, hadi akawa mhandisi, na kila hatua ya Moraa ilitangazwa Texas na Kisii siku hiyohiyo. Kampuni ya Houston ilipompeleka Moraa kufanya kazi Lisbon, mama alitangaza. Moraa alipochumbiwa na Mreno anayeitwa Duarte, mama alimeza mate kidogo, halafu akatangaza.

Harusi ilikuwa inakaribia. Baba yake Moraa alikuwa amefariki, na Moraa alishasema wazi: "Mama, wewe ndiye utanishika mkono unipeleke mbele. Sitaki mjomba, sitaki mtu mwingine." Tiketi ilikuwa tayari. Immaculate alikuwa akiota ile njia ya katikati ya viti usiku na mchana, pamoja na gauni atakalovaa.

"Na harusi yenyewe iko sehemu gani, Mama Moraa?" Ngwali aliuliza, baada ya kumaliza ya viatu, ya tramu na ya zeituni.

"Moraa aliniambia kwa simu. Iko Igreja ya Santa nani sijui."

Ngwali aliweka kijiko chini.

"Umesema igreja?"

"Ndiyo. Igreja."

"Mwatime," Ngwali alimwita mkewe, "mletee dadangu maji."

Maji yakaja. Immaculate akayashika bila kuyanywa.

"Dadangu," Ngwali alianza kwa sauti ya msibani, "mimi nimezaliwa chini ya ukuta wa Fort Jesus. Ile ngome aliijenga nani? Mreno. Ikaja ikawa nini? Jela. Na neno lenyewe walituachia wao. Igreja ndiyo gereza. Lishboa yamejaa, kila kona moja, na nje pameandikwa waziwazi, Igreja hii, Igreja ile. Nimeyaona kwa macho yangu haya."

"Kwa hivyo huyo kijana..."

"Mimi sisemi kitu. Huenda ni askari jela."

"Ni engineer wa madaraja."

"Basi si askari," alisema Ngwali kwa huzuni.

Sasa tuseme ukweli. Mtoto wa darasa la kwanza angeinua simu na kuuliza. Kuuliza si ujinga, tunawaimbia watoto asubuhi na jioni, halafu tukishaota mvi tunaona heri kufa kuliko kuuliza. Immaculate aliendesha hadi Lewisville akipiga hesabu za aina yake. Akimwuliza Moraa, Moraa atalia au atadanganya. Akienda, atapigwa picha kwenye lango la jela amevaa kofia ya harusi, na picha hizo zitafika Kisii kabla yake. Sasa akaelewa kwa nini kijana huyo hakuwahi kuja Texas kujitambulisha. Akaelewa hata kwa nini kwenye picha alikuwa mwembamba vile. Chakula cha jela.

Kesho yake, wakati wa mapumziko kazini, alipiga simu.

"Mama, umeshapata gauni?" Moraa aliuliza.

"Moraa, wamekataa kunipa leave."

"Aje? Hata siku chache?"

"Hata moja. Tuko short sana. Nime-apply, wakakataa."

Hakuna aliyemkatalia kitu. Likizo yake ilikuwa imeshapitishwa tangu zamani, na wenzake wodini walikuwa wamemchangia zawadi ya bwana harusi. Moraa akasema kwa sauti ndogo kwamba ameelewa. Immaculate alirudi kwa wagonjwa akijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, kama mtu aliyetapika.

Mzigo ule haukubebeka peke yake, kwa hiyo alimwambia mtu mmoja tu. Mtu mwenyewe alikuwa Loice wa Alief, kule Houston, rafiki yake tangu chuo cha uuguzi, na Loice aliapa kwa jina la Bwana kwamba atakufa nalo. Hakufa nalo. Alilipeleka kwenye maombi, maana jambo likishaitwa maombi si umbeya tena. Jumapili iliyofuata, kanisa zima la Alief lilitangaziwa mfungo kwa ajili ya mkwe wa dada yetu mpendwa wa Dallas, kijana wa Kizungu aliye kifungoni, jina lake ndugu Dawati. Watu walimlilia Dawati. Mama mmoja aliona maono ya mnyororo ukikatika. Immaculate alipopigiwa simu na Loice kupewa habari njema za mnyororo, hakuwa na nguvu hata ya kugomba.

Siku zikaenda. Tiketi ilikaa kwenye mkoba, maana kila alipotaka kuirudisha mkono wake ulikataa. Alipunguza kwenda kwa watu. Lakini Jumapili moja kabla ya harusi Mwatime alimpigia mwenyewe, akamwambia aje ale, upweke utamla yeye. Akaenda.

Sebuleni alimkuta Onyancha, mhasibu wa Irving, anayepelekwa na kampuni yake kwenye mkutano Lisbon, ameketi mbele ya Ngwali kama mwanafunzi wa chuo. Pembeni alikuwa Véronique, Mkongomani jirani ya Mwatime, akimenya machungwa. Ngwali alishamaliza zeituni.

"Na usitembee ovyo karibu na igreja," alikuwa akisema, akimwibia Immaculate jicho la pole. "Ni magereza. Utayajua tu. Mengine meupe, yamepakwa chokaa, marefu, na juu yana kengele."

"Kengele za nini?" Onyancha aliuliza.

"Za kuwahesabia wafungwa. Asubuhi zalia, jioni zalia. Na Jumapili zalia sana, maana ndiyo siku ya jamaa kwenda kuwatazama. Nimewaona nikiwa kwenye teksi, wamevaa nguo nzuri, waingia na watoto."

Véronique aliacha kumenya.

"Papa Ngwali, igreja njo église. Ni kanisa. Mimi nilikaa Luanda, kule Angola kwenye wanasema Kireno, tulikuwa tunaenda mu igreja kila dimanche, kila Jumapili. Padre ni mule, misa ni mule. Wafungwa gani?"

Mwatime alitoka jikoni na kijiko mkononi.

"Wewe," alimwambia mumewe, "uliingia hata moja ukaangalia?"

"Mimi Muislamu, niingie kanisani kufanya nini?"

"Kwa hiyo wajua kwamba ni kanisa."

"Sasa ndiyo najua." Ngwali alijiweka sawa kitini, na kwa mtu aliyeumbuka sebuleni kwake alijinasua haraka ajabu. "Lakini kosa si langu. Neno ni lilelile. Mreno alikuja Mombasa akajenga kanisa lake, babu zetu wakalitazama, wakaliita gereza. Jiulizeni walikuwa wakifanyiwa nini humo."

Onyancha alicheka mpaka akashika mbavu. Véronique akacheka, Mwatime naye akashindwa kujizuia. Na tukubali, lilikuwa jibu zuri. Aliyelisema alistahili kofi na pongezi. Immaculate peke yake hakucheka. Alichukua mkoba, akatoka bila kuaga, akajifungia garini chini ya jua la maegesho.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyoshika simu. Kanisa. Mwanawe anaolewa kanisani, na kijana hana hatia yoyote isipokuwa wembamba. Tiketi ipo. Likizo ipo. Uongo mmoja tu mdogo, na mambo yatakaa sawa.

"Moraa, mama, nina habari njema. Wamenipa leave."

"Wamekupa."

"Wamekubali leo. Nakuja. Nitakushika mkono kama ulivyotaka."

Nyuma ya Moraa zilisikika sauti za watu wakipanga vyombo.

"Mama, Jackie wa kwa Auntie Loice alinipigia," alisema. "Aliniambia kanisa lao lote lina-fast kwa ajili ya Duarte. Ati Mungu amtoe jela."

Immaculate alifunga macho.

"Alikupigia lini?"

"Siku ileile walitangaza. Kitambo."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniulize." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kila ulipopiga nikasema leo ataniuliza. Unaniuliza baridi ikoje, unaniuliza nimekula nini. Nikakata simu, nikangoja ingine."

"Moraa, Mzee Ngwali aliniambia..."

"Mama. Mimi ndiye naishi huku."

Immaculate, aliyewarudisha madaktari nyuma, aliwasha gari, kisha akalizima.

"Nilijua mjinga ni yule aliyekudanganya," Moraa aliendelea. "Huyo hanisumbui. Lakini wewe ulikubali, ukaniwekea uongo wa leave, ukakaa nao. Uliona naweza kukuita kwa harusi ya mfungwa nisikwambie."

"Nisamehe, mwanangu. Nakuja, nitakushika mkono."

"Njoo, mama. Usikose. Lakini mkono nilimwomba mama yake Duarte, na amekubali, na ameshaambia watu wake. Siwezi kumrudisha." Akavuta pumzi. "Nimekuwekea kiti mbele."

Immaculate alisema asante, kama mgeni yeyote anavyoshukuru akionyeshwa pa kukaa.