Akteri Hafi

Kazi yangu ilikuwa kusema uongo kwenye kipaza sauti. Mimi ni Latifu, na mwaka 2001 nilitafsiri filamu katika chumba cha video cha Mzee Habineza, nyuma ya soko la Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo. Filamu zilikuja na Kiingereza chake, nami nikazitia Kiswahili na chumvi nyingi.

Habineza alikuwa hataki tena filamu nyingine ila za Papa Joho, akteri, yaani shujaa wa filamu, anayeruka hewani na joho la manjano. Karate inachosha, alisema, na mapenzi yanaisha kwa harusi.

"Lakini huyu iko na pati makumi mbili, Latifu! Batoto ya leo bataleta batoto yabo."

Alilisema hilo akilamba midomo, mzee mzima, bila haya.

Basi katika pati ya tatu, yaani sehemu ya tatu, Papa Joho akafa. Akazikwa, kaburi likafukiwa. Niliposema "amekufa", watu walizomea hadi ukuta ukatikisika. Habineza akanivuta nje kwa shati.

"Akteri hakufake! Sema analala. Pati ya ine iko njiani."

Nikasema. Wiki nzima nilisema: amelala tu, wapenzi, waliomzika wamekosea. Nilijua ni uongo, lakini tumbo halina adabu.

Jumatatu akanijia Joselyne, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Dada yake, Patricie, alikuwa anakuja kila siku kukaa benchi la mbele. Mumewe, Anastase, alivuka kwenda Bukavu vita ilipoanza, mwaka 1998. Wenzake wawili walirudi wakasema walimzika kwa mikono yao. Patricie hakulia hata chozi, akakataa matanga. Miaka mitatu familia ilimbembeleza, mpaka akakubali: Alhamisi hiyo wangefanya matanga.

"Sasa anakataa tena, Papa Latifu," Joselyne alisema. "Anasema Anastase njo alikuwa akteri ya nyumba yake. Anasema bale balimuzika balikosea. Ni weye ulisema."

Nilikimbia kwa Habineza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Njo biashara hiyo! Batu banapenda kungoja."

Nilitema mate mlangoni kwake. Nilimchukia, na nilijichukia zaidi, maana sauti ilikuwa yangu.

Mchana huo Patricie alikuwa benchi la mbele, mikono mapajani. Kaburi lilipotokea nilishika kipaza sauti.

"Amekufa. Hatarudi. Pati ya nne imefika, nimeiona picha kwenye kasha la kaseti: ni mtu mwingine. Wamemvalisha joho la marehemu ili mrudi kulipa."

Viatu vilinirukia. Habineza akang'oa waya na kunifukuza kazi palepale, mbele ya watu wote. Lakini Patricie alikuwa amesimama, akinitazama.

"Mutu mwingine?"

"Mwingine, Maman. Sura nyingine kabisa."

Kelele zote zile hakuzisikia.

"Mutu mwingine mi simutake," akasema. "Basijaribu kumuvalisha mutu nguo ya bwana yangu."

Akatoka. Nilimfuata hadi kwake, sikujua pa kwenda. Hakungoja Alhamisi. Alikaa chini uani, akaanza kulia, kilio cha miaka mitatu, na Joselyne akamshika kiunoni asianguke. Jirani mmoja akauliza nani amefariki.

"Anastase," Patricie akajibu. "Amekufa leo."