Koti la Kikao cha Nyati

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kubembelezana na kitambaa, lakini koti lile alilifumua mara mbili. Kitambaa chenyewe, cha kijivu, alikuwa amejiwekea yeye kwa siku yake kubwa. Akamkatia shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye mji mzima ulimwita Spika kwa sababu akishafungua mdomo hata mwenye jambo lake husahau alichojia.

"Kwapani panabana," Spika alisema, akinyanyua mkono mbele ya kioo. Koti zima likapanda nao.

"Lifumue tena," mke wa fundi alisema. "Ataendaje kutusemea huku linamvuta? Huyu ndiye mdomo wetu."

Basi akalifumua. Nani ashindane na mwanamke anayemtetea mdogo wake? Akalegeza kwapa, akaongeza kipande, akapiga pasi. Safari hii mkono ulipanda hadi juu na koti likatulia mahali pake.

"Haya, nyanyua utakavyo," fundi alisema.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kila mwaka ofisi ya wanyamapori ilitoa vibali kumi vya kuwinda nyati: saba vya wenyeji, vitatu vya wageni, wale wanaotoka mbali na bunduki zenye darubini. Wenyeji walikwenda kwa zamu, na fundi alikuwa ameingoja yake mpaka mvi zikamwota masikioni. Mwaka huu alikuwa wa sita. Mwaka ujao angekuwa amevuka umri, maana sheria haimruhusu mzee kumkabili nyati, hata awe na shabaha ya namna gani. Bunduki aliyoachiwa na marehemu baba yake aliipaka mafuta kila Jumapili, na mikononi mwake ilikuwa haijaangusha kitu kikubwa kuliko digidigi. "Mimi nimeolewa na bwana Digidigi," mkewe alizoea kumtania, naye fundi alicheka, ingawa utani ule ulimchoma.

Sasa wakala wa wageni akaja na pendekezo lake: vibali sita viwe vya wageni, vinne vibaki kwa wenyeji. Ndipo wawindaji wa mji wakamchagua Spika awe mjumbe wao kwenye kamati, akawatetee. Aliyempigia debe nyumba kwa nyumba ni fundi. Aliyemfundisha kushika bunduki, tangu hajaota ndevu, ni fundi huyohuyo.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Kamati ya watu watano iliketi mezani, chini ya feni iliyozunguka kwa kununa. Fundi alikaa mbele kabisa pamoja na kinyozi, mwindaji mwenzake, wa saba kwa zamu. Spika alipoingia kushika kiti chake pale mezani, fundi akamgusa kinyozi kwa kiwiko.

"Ona bega lilivyokaa."

Mwenyekiti akataka wanaokubali pendekezo wanyanyue mikono. Maofisa wawili wakanyanyua. Msimamo wa hao ulijulikana tangu mwanzo. Kisha Spika, bila neno hata moja, yeye ambaye kusema ndiko alikotumwa, akanyanyua wake. Akaunyanyua juu kabisa, macho darini.

Fundi, maskini, alidhani anaomba nafasi ya kuzungumza. Hata akasogea mbele kitini amsikilize vizuri.

"Watatu," mwenyekiti alisema. "Limepita."

Kinyozi akashusha pumzi. "Fundi, kikulacho..."

"Usimalizie," fundi alisema.

Alimngoja nje, mlangoni. Spika akatoka akijifuta jasho, akaanza yeye kabla hajaulizwa.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Wakala amenipa kazi ya kuwaongoza wageni wake porini, na mimi nina watoto. Lakini sijakusahau. Nimekuombea nafasi ya kubeba bunduki ya mgeni. Nyati utamwona kwa macho yako, karibu kabisa."

"Kazi hiyo uliikubali lini?"

Spika akashikashika kifungo cha koti. "Kabla hujanipima."

Angekuwa nyati, fundi angemsamehe; nyati hana undugu na mtu. Kilichomuuma, tena kilimuuma mpaka mate yakawa machungu, ni kwamba alipokuwa amepiga magoti sakafuni akinyoosha pindo, mtu huyu alikuwa ameshawauza, na bado akaomba kwapa lilegezwe. Akamwacha amesimama palepale.

Nyumbani alimkuta mkewe ameshaondoa saa ya ukutani pale sebuleni ili pembe za nyati zipate mahali. Msumari ulikuwa mtupu.

"Haya, nipe habari," mkewe alisema. "Mdogo wangu alinyanyua mkono?"

"Alinyanyua."

"Na koti je?"

Fundi akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Halikumvuta hata kidogo," alisema.