Funguo Saba na Spana Moja

Nyumba zangu ni saba, na kila bomba lililomo nimelifunga kwa mkono wangu. Ndiyo maana binti yangu aliponishauri niajiri msimamizi, nilicheka mpaka miwani ikanidondoka. Mimi, mwanamke niliyefanya ufundi bomba miaka thelathini, nitafutiwe mtu wa kunichungia koki zangu?

Lakini binti yangu ni king'ang'anizi. Hilo kalirithi kwangu. Alinikumbusha kwamba wapangaji watatu wamehama mwaka huu, na sasa mshonaji wa nyumba ya nne ametoa notisi. Hapo alinigusa penyewe. Yule mshonaji amekaa kwangu miaka tisa, namhesabu kama ndugu, na sikutaka aondoke. Nikakubali msimamizi aje, huku jibu langu nikiwa nalo mfukoni: hapana.

Alikuja Jumamosi asubuhi, mwanamume wa makamo aliyewahi kusimamia vyumba vya hoteli. Nikampa funguo zote saba na kumpeleka nyumba ya nne, nione kama ataisikia koki ya jikoni inavyodondosha maji. Mwenzangu akashika ufunguo mkononi, kisha akapiga hodi.

Nikamwambia afungue tu, mwenye nyumba si nipo? Akaniuliza kama ndivyo ninavyofanya siku zote. Nikajibu kwa majivuno kwamba naingia, natengeneza, natoka. Mpangaji akirudi anakuta mambo safi. Nani asiyependa?

Mlango ukafunguka. Mshonaji alikuwa na futi shingoni, na alikuwa amesikia kila neno.

"Dada, sina ugomvi na wewe," alisema taratibu. "Bomba unanitengenezea hata kabla sijalalamika. Lakini miaka tisa navaa nguo nyuma ya kabati, maana sijui saa utakayofungua mlango."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Niliona aibu, tena aibu hasa. Wale watatu waliohama niliwaita watovu wa shukrani mtaa mzima. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila hawakusema kwamba kupona kwenyewe kunauma.

Mimi nikiamua nimeamua. Papo hapo nikamwambia msimamizi abaki na funguo zote. Spana inabaki kwangu. Yeye atapatana na wapangaji siku na saa, kisha ataniita. Binti yangu alisema nimejiajiria bosi. Nikamjibu afadhali bosi mwenye adabu kuliko mwenye nyumba asiye nayo.

Jumatatu saa nne, kama nilivyopangiwa, nilisimama na sanduku la vifaa mbele ya nyumba ya nne. Nikapiga hodi, nikangoja, mguu mmoja ukiwa na hamu ya kutangulia.

"Nani?" akauliza mshonaji kutoka ndani. Tangu niijenge nyumba ile, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Fundi," nikasema.

"Ngoja nivae, dada. Na ile notisi niliyokupa, ichane."