Kiti cha Kusikiliza

Kiwandani walimwita Dakika, na yeye mwenyewe alijua. Kila alipopita kati ya meza za unga na mdomo wa tanuri, neno hilo ndilo lililomtangulia: bado dakika kadhaa trei ziingie, dakika zako za kupiga soga umezipata wapi wewe, hamira haisubiri mtu amalize simu. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mikate, mwenye stashahada ya teknolojia ya chakula iliyotundikwa sebuleni kwake juu ya televisheni, na mama wa watoto wawili waliokwisha kuzoea kujibiwa kwa ufupi. Kwa hiyo siku alipoomba ruhusa ya kutoka mchana, wakandaji walitazamana. Alipoongeza kwamba anakwenda kanisani kusali, mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama msimamizi ana homa.

Hakuwa na homa. Alikuwa na mama mgonjwa.

Mama yake alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa sukari. Kidonda kilichoanzia kwenye kidole cha mguu kilikuwa kimepanda, na asubuhi ile daktari alikuwa amesema waziwazi: mguu ukatwe, juu ya goti, na jibu analitaka kabla ya jioni, kwa sababu wakiendelea kuvutana sumu itaingia kwenye damu na hapo hakutakuwa na la kuuliza tena. Hakuzunguka, na Dakika alimpenda kwa hilo. Kama ungekuwa mguu wake mwenyewe angesema ndiyo pale pale, arudi kazini.

Lakini mguu ulikuwa wa mama, na mama hakusema ndiyo wala hapana. Alimsubiri daktari aondoke, akamwita binti yake karibu na mto.

"Nenda kanikalie kiti," alisema. "Mimi tangu nilale hapa sisikii kitu. Utakachosikia wewe, ndicho hicho."

"Nisikie nini mimi, mama? Mimi ninachosikia ni kengele ya tanuri."

"Basi masikio unayo."

Dakika alimpigia simu kaka yake mkubwa, ambaye alifanya kazi mbali, akitegemea kwamba wawili wakisema jambo moja mama atalegea. Kaka alisema mama aachwe aamue. Alipoambiwa kwamba mama hataki kuamua, alisema basi Dakika aamue, yeye ndiye aliyesoma na ndiye aliye karibu. Alipoambiwa kwamba Dakika ameshaamua, ila mama anataka uamuzi wa Mungu, kaka alikohoa, akasema mtandao unasumbua.

Hicho kiti kilikuwa jambo la kanisa lao. Siku moja katika wiki, mchana, watu wachache walikutana kwenye chumba cha nyuma vinamowekwa vyombo vya muziki. Walipanga viti kwa duara, kimoja katikati. Mwenye haja alikaa pale katikati, wala hakusema haja yake ni nini. Wengine walinyamaza pamoja naye, na kila mmoja alichopata kwenye ule ukimya alikisema baadaye, akimalizia kwa kuomba radhi kama amekosea. Mwenye kiti, yaani yule wa katikati, alisema mwisho. Na kulikuwa na sharti moja lisilovunjwa: mpaka mwenye kiti afungue macho, hakuna wa kumgusa, hakuna wa kumwita, hakuna wa kutoka. Mama yake Dakika alikuwa kwenye duara lile tangu lianze, na watu walisema masikio yake ni mepesi. Dakika alikuwa muumini wa Jumapili. Aliimba, alitoa sadaka, alirudi nyumbani kupika.

Alifika jasho likimtoka. Waliokuwepo walikuwa watatu. Mama mchungaji, yaani mke wa mchungaji, ndiye aliyeongoza. Kulikuwa na kijana mmoja kinyozi, mpole kupita kiasi kwa mtu anayeshinda na wembe mkononi, na bibi mmoja ambaye kila mtu alimwita Bibi Miwani kwa sababu ya vioo vyake vizito kama kitako cha gilasi. Walimsalimu, wakamuulizia mama, wakamwonyesha kiti. Hawakumuuliza kingine. Mama mchungaji alisema, "Tunyamaze," nao wakanyamaza.

Dakika aliomba kama anavyotoa maagizo ya zamu. Bwana, swali ni moja na majibu ni mawili tu. Ukatwe au usikatwe. Nasubiri. Akasubiri. Feni iligeuza shingo upande huu, ikageuza upande ule. Aliwaza kama yule mkandaji mpya atakumbuka kupunguza moto. Akajikaripia, akaanza upya. Ukatwe au usikatwe. Aliwaza mama akiwa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni kwake, na kile kizingiti kilivyo juu. Aliwaza watoto. Aliwaza kwamba yeye ndiye atakayebeba lawama, iwe hivi au vile, kwa sababu wengine wote mtandao utawasumbua. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio ukisema hivyo hivyo, hivyo hivyo, na Dakika, ambaye tangu mama alazwe alikuwa hajapata usingizi wa maana, hakujua alipofika mwisho wa wazo lake.

Alipofungua macho, mwanga wa dirishani ulikuwa umehama ukuta. Mdomo wake ulikuwa wazi na kola ya blauzi imelowa mate. Hakuelewa yuko wapi. Kitu cha kwanza alichoona ni Bibi Miwani, miwani mapajani, akilia bila sauti. Kinyozi alikuwa amepiga magoti sakafuni. Mlangoni walisimama waimbaji wa kwaya, waliokuja kufanya mazoezi wakakuta mwenye kiti amefumba macho. Kundi zima, wakubwa kwa wadogo, viatu mikononi, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

"Bwana asifiwe," alisema mama mchungaji taratibu, kama mtu anayeamsha mtoto.

Dakika alijifuta kidevu. Kabla hajapata la kusema, duara lilianza kutoa lilichopata. Kinyozi alisema ameona ua la miti lililosongamana, mtu akilipunguza matawi, na pale palipokatwa pakitoka majani mapya. Kama amekosea asamehewe. Dakika aliukamata mkoba wake. Hilo ndilo jibu, alijiambia, limekwisha, niende. Halafu Bibi Miwani akasema yeye ameona nyumba, milango yote ipo, madirisha yote yapo, na sauti ikisema kisiondolewe kitu. Kama amekosea asamehewe. Mkoba akaurudisha chini. Mama mchungaji akasema yeye hakuona wala kusikia lolote, ila muda mrefu alihisi kwamba kwenye chumba wamepata mgeni, na aliogopa kumtazama.

"Na wewe dada yetu?" aliuliza. "Umeambiwa nini?"

Kulikuwa na njia rahisi, na Dakika aliiona. Wote walikuwa wanamtazama kama mtu aliyeshuka mlimani. Lakini hakuwa mwongo.

"Nililala," alisema. "Samahani. Nililala usingizi."

Mtu mmoja wa kwaya alicheka, akazibwa mdomo. Kinyozi akatikisa kichwa. Alisema kukoroma walisikia, hilo hawakatai, lakini si kwamba alilala tu. Kilichokuwa humu ndani si cha mtu kulala. Bibi Miwani aliunga mkono, akasema katika miaka yote ya duara hajawahi kumhisi Bwana karibu namna ile. Dakika aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wanamwambia kwamba Mungu alipita mbele ya pua yake, na katika watu wote ni yeye tu ambaye hakuwepo. Hakujua kama aombe radhi, acheke au akasirike. Alichukua mkoba akatoka, waimbaji wakimpisha kwa heshima ambayo ilimchoma mgongoni mpaka barabarani.

Njiani aliyapanga maneno. Angesema duara limesema ukatwe. Nusu ya duara, lakini nusu si uongo. Alipofika wodini mama alikuwa ameegemea mito miwili, macho mlangoni, na maneno yote yalimtoka kichwani.

"Nililala, mama."

Mama alimkazia macho. "Nimekutuma kusikiliza, wewe ukaenda kulala?"

"Ndiyo. Na kinyozi kasema ukatwe, Bibi Miwani kasema usikatwe, na mama mchungaji hajui. Sina jibu. Nimekuja hivi hivi."

Alivuta kigoda akaketi. Siku nyingine angejaza ukimya ule kwa mipango: nani atalala na mgonjwa, kizingiti kitavunjwaje, daktari atakayepasua ni yupi. Sasa hakuwa na cha kusema, ndiyo maana alinyamaza. Hakukuwa na utakatifu wowote. Kwenye kitanda cha jirani redio ndogo ilikuwa inanong'ona matangazo. Ukimya ulikuwa mrefu kiasi kwamba alidhani mama amesinzia.

"Nitapigaje magoti?" mama aliuliza.

Dakika alifungua mdomo kusema kuna miguu ya bandia, watu wanatembea nayo, wanacheza hata mpira. Akaufunga.

Mama alizungumza akitazama dari. Alisema tangu alazwe anasali chali, na tangu aanze kusali chali hajasikia kitu. Alikuwa amejumlisha moja na moja. Maisha yake yote alikutana na Mungu akiwa chini, magotini, kando ya kitanda. Wakimkata hapa, na alionyesha mahali pale juu ya shuka kwa ukingo wa kiganja, atabaki chali mpaka siku ya kufa, na atakayekuwa anasema naye ni dari. Hakuogopa kisu. Aliogopa kimya kile. Ndiyo maana alitaka Mungu amwambie mtu mwingine, mtu mwenye miguu yake.

"Mimi sikupiga goti, mama," Dakika alisema. "Nilikoroma mbele ya kwaya nzima. Na wao wanasema alikuwepo."

"Alikuwepo?"

"Sijui."

"Usinijibu sijui. Wewe umesoma."

"Nimesomea mikate." Alijikuna shavu. Kilichofuata kilikuwa kigumu kusema kwa sababu hakuwa na hakika nacho, na hakuzoea kusema vitu asivyo na hakika navyo. "Sijui kweli. Ila kabla sijaamka sawasawa nilihisi kama mtu amekaa karibu yangu. Hasemi. Ananisubiri tu, na wala hanihimizi. Pengine alikuwa kinyozi."

"Kinyozi alikaa upande gani?"

"Mbele."

"Na huyo?"

Dakika alifikiri. "Hakuwa upande," alisema, akajisikia mjinga.

Mama aliingiza mkono chini ya shuka akaushika mguu wake, juu ya goti, kama mtu anavyoshika bega la rafiki wakiagana kituoni. Alikaa hivyo, macho amefumba, na Dakika akabaki kwenye kigoda asijue kama mama anasali, analia au anaumwa, na kama amwite mtu. Hakumgusa wala hakumwita. Jirani alizima redio.

Muuguzi alipokuja kuuliza daktari aambiwe nini, mama alikuwa bado amefumba macho.

"Mwambieni sawa," alisema.

Dakika aligeuka. "Umesikia kitu?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Sasa sijui, mwanangu. Nimekwambia sijui. Unadhani ni wewe peke yako unayeruhusiwa?"

Koridoni alimpigia kaka yake. Mtandao ulikuwa mzuri. Alimwambia mama amekubali, upasuaji ni kesho asubuhi. Kaka alishusha pumzi, halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Dakika alikuwa hajaisikia tangu wakiwa watoto, kwa hiyo Mungu alisema ndiyo?

Dakika aliegemea ukuta. Alirudi nyuma kimawazo kupatafuta mahali jambo lilipoamuliwa: kitini, kigodani, kwenye ule mkono chini ya shuka. Hakupaona.

"Si mimi si mama aliyesikia chochote," alisema. "Njoo tu. Njoo ukae naye."

Upande wa pili kaka alinyamaza, na yeye pia, wala hakuna aliyekata simu.