Kontena la Yosr

Nje ya kinu cha zeituni cha Hajja Saloua, hapa Sfax, Tunisia, malori kumi na saba yalisubiri. Ubao wa taa juu ya mlango uliita zamu ya arobaini na moja.

Ofisini, Si Mondher (“Si” kwetu ni “Bwana”) alikuwa keshaanza kujisifu. "Programu ya zamu ni kazi yangu, Hajja. Huyu binti alinisaidia kuchapa tu."

Uso wa Yosr uliwaka. Mkataba wa msimu ulikuwa mezani, ukisubiri saini moja.

"Programu yako ni ile," alisema, akionyesha kompyuta iliyoachwa wazi juu ya kabati, imebandikwa karatasi: USIFUNIKE! "Juzi paka aliikanyaga ikafa, wenye malori wakashikana mashati. Tangu hapo ubao unaendeshwa na yangu."

"Ulimi mrefu kuliko msimu wenyewe!" Mondher akaifunika kompyuta ya Yosr iliyokuwa mezani, pa! "Haya, Hajja, nimeifunga yake. Tazama ubao."

Arobaini na mbili. Lori likanguruma kuelekea mizani.

"Umeona? Ni yangu," alisema Mondher.

Yosr alikwenda kabatini, akaifunika na ile ya Mondher, karatasi na yote.

"We mtoto, umelaaniwa?"

"Tulia, Si Mondher. Tazama ubao."

Arobaini na tatu.

Hajja alivua miwani. "Zote zimefungwa. Nani anaita?"

"Seva, Hajja, ile kompyuta kuu ya stoo. Programu yangu nimeifungasha ndani ya kontena, kifurushi kimoja chenye kila inachohitaji, nikaiachia ifanye kazi chinichini. Haihitaji mtu kuikodolea macho. Na kila kontena lina kitambulisho chake."

"Basi kitaje, Mondher," alisema Hajja. "Mzazi hasahau jina la mwanawe."

Mondher alikohoa. "Hayo ni mambo madogo madogo, Hajja. Fundi mkubwa hakariri tarakimu."

"Hata mimi sikukariri. Niliandika." Yosr alimpa Hajja daftari, lenye tarehe ya juzi na mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Kisha akaketi kwenye kompyuta ya ofisi, akaitaka seva iorodheshe makontena yote yanayofanya kazi. Lilitokea moja tu.

Hajja alisogeza pua hadi kwenye kioo, kidole kikifuata daftarini. "Saba, c, moja, e, nne, sifuri… Mbona yako ni ndefu?"

"Orodha huonyesha alama kumi na mbili za mwanzo. Zinatosha."

"b, tisa, d, mbili, f, a. Ni zile zile."

Hajja alimsukumia Yosr mkataba. Pale pa jina palikuwa pameshachapwa: *Mondher na msaidizi wake*.

"Tutachapa mwingine kesho, binti yangu."

"Kesho ni mbali, Hajja." Yosr aliyakata maneno yale yote kwa kalamu, mstari mmoja mnene, akaandika juu yake jina lake, la baba yake na la ukoo. Ndipo akasaini.

Nje, ubao uliita arobaini na nne.