Kiapo cha Spana

Kule bweni la wasichana, Kengele alikuwa mtu wa heshima zake. Jina hilo alilipata siku alipoipiga kengele ya chai alfajiri mno, shule nzima ikajipanga gizani, vikombe mkononi, wakati mpishi bado anakoroma. Nyumbani, hata hivyo, mwenye cheo alikuwa mdogo wake wa miaka sita. Huyo walimwita Mkurugenzi, maana hakuna kazi iliyofanyika pale bila yeye kusimama kando, mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua.

Mwanzoni mwa likizo mjomba wao alileta pikipiki ya watoto, ndogo kama mbuzi, ambayo mwanawe alikuwa ameizidi kimo. Haikuwaka. Kengele, ambaye elimu yake yote ya injini aliipata kwa kumwangalia dereva wa shule akigombana na basi, aliipandisha juu ya meza ya kufulia nyuma ya jiko. Kisha akashika spana na kuiweka kifuani. Bwenini walitumia kijiko, na hakuna jambo zito lililoanza bila kiapo, hata kama jambo lenyewe lilikuwa kuiba sukari.

"Mbele ya ndoo hii na kamba hii ya nguo," alisema, "naapa sitarudi shuleni mpaka mgonjwa huyu apone."

"Apa tena," Mkurugenzi akasema.

Akaapa tena. Akafungua kabureta, akatoa tope la petroli iliyolala, akazibua matundu yake kwa waya mwembamba, akaikwangua plagi kwa kipande cha msasa. Alipovuta kamba ya kuwashia, injini ilikohoa, ikafikiri, ikanguruma. Jioni hiyo Mkurugenzi aliuzunguka ua mzima, mashavu yakitetemeka, meno yote nje, na Kengele akajiona amezaliwa kwa ajili ya siku hiyo.

Kesho yake pikipiki ikagoma. Iligoma kwa ustaarabu lakini. Inawaka vizuri, inakwenda mpaka karibu na mlango wa uani, halafu inazimika kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Kengele anafungua kifuniko cha tangi, petroli ipo. Anafunga, anavuta kamba, inawaka. Inafika mlangoni, inazimika.

Basi likizo ikaanza kuyeyuka. Kabureta ilifunguliwa na kufungwa mpaka skrubu zikamzoea. Mkurugenzi alishinda naye, ameshika bisibisi, akiuliza kila kitu jina lake, wala hakulalamika hata siku moja kwamba hajapanda pikipiki. Hilo peke yake lingetosha kumshtua dada mwenye akili, lakini Kengele akili yake yote ilikuwa ndani ya kabureta.

"Mwanangu, sanduku lako bado tupu," alisema Mama siku ya mwisho, bila kuinua macho. Alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa barazani, mahali pa kuona kila kitu. "Kesho asubuhi gari la shule litakukuta na grisi usoni."

"Mama, daktari hamwachi mgonjwa mezani."

"Daktari mwenyewe hajafua soksi."

Kengele akacheka, ila moyoni hakuwa anacheka. Mama alishamsimulia jinsi muhula uliopita Mkurugenzi alivyokuwa akiweka sahani ya dada yake mezani kila jioni, na akiulizwa, anajibu kwamba ni ya mgeni. Kengele alitaka safari hii amwachie kitu cha kumshughulisha, chenye kelele, kinachozunguka ua. Na muda ulibaki alasiri moja.

Akawasha. Mkurugenzi akaenda mpaka mlangoni. Ikazimika. Kengele akafungua kifuniko cha tangi, na kwa mara ya kwanza, pengine kwa kuwa cherehani nayo ilikuwa imenyamaza, alisikia sauti. Psss. Kama soda, ila hewa ilikuwa inaingia badala ya kutoka.

Akakigeuza kifuniko. Katikati palikuwa na kitundu kidogo cha kupitisha hewa, na ndani ya kitundu palikuwa na kitu cha waridi, kigumu, chenye alama za meno. Chingamu. Tena zile zake mwenyewe, alizozificha ndani ya soksi, na soksi hiyo ilijulikana na mtu mmoja tu.

"Mkurugenzi, njoo ofisini."

Ofisi ilikuwa kreti iliyopinduliwa. Akaja, akaketi.

"Hii nini?"

Mkurugenzi akatazama mawingu. "Plasta."

"Plasta ya nini?"

"Kulikuwa na tundu."

"Tangu lini umeliziba?"

"Ile siku ilipopona." Akavuta kamasi. "Uliapa, Dada. Mara mbili."

Kengele akakiweka kifuniko magotini.

"Inaumia?" Mkurugenzi akauliza, akiinyooshea kidole pikipiki.

Dada yake akaokota chupa tupu ya plastiki, akampa. "Inyonye hewa." Akainyonya, chupa ikabonyea, krak. "Ndivyo tangi lilivyokuwa. Hewa haiingii, petroli inashindwa kushuka, injini inabanwa pumzi."

Chupa ikamdondoka. "Nilitaka ilale tu."

"Najua, mdogo wangu."

"Nikiitoa, utaondoka."

"Hata usipoitoa nitaondoka. Kile kiapo nilikosea, shule haikuwepo kwenye kikao." Akamfuta pua kwa upande wa mkono usio na grisi. "Lakini ukiitoa, kesho nitaondoka huku naisikia."

Mkurugenzi akafikiri sana. Kisha akaenda barazani, akarudi na pini, ambayo Mama alimpa bila kuuliza. Akachokoa kitundu, ulimi nje, mpaka chembe ya mwisho ya waridi ikatoka. Akapuliza. Hewa ikapita.

Safari hii pikipiki ilifika mlangoni, ikageuka, ikapita chini ya kamba ya nguo, ikazunguka pipa la maji, ikarudi tena, na tena. Mama aliuondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani akatazama. Mwisho Mkurugenzi alikuja kusimama mbele ya dada yake, akaizima mwenyewe.

"Imepona," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwachilia mfanyakazi wake bora. Akaizunguka, mikono nyuma. "Lakini breki sijaipenda."

"Ina nini?"

"Naona itaanza kuumwa likizo ijayo."

"Basi itanikuta." Kengele akamwekea spana kifuani. "Apa utamtunza mgonjwa mpaka nirudi."

Mkurugenzi akaikagua spana pande zote. Viapo alikuwa ameshavijua.

"Naapa nikiweza," akasema, kisha akaenda ndani kumsaidia dada yake kupanga nguo, na sanduku lilipojaa akalikalia, ili lifungike.